Hewa Ndani ya Sanduku

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Woodstock, mji mdogo wa jimbo la New York, Rosemary Villchur alitandaza kitambaa cha godoro, kile kizito cha mistari, akapima, akachora duara, akakata. Godoro la nyumbani lilikuwa zima. Kibovu kilikuwa spika ya inchi 12, ambayo mumewe Edgar alikuwa ameikata kwa makusudi lile pindo gumu la ukingoni, na sasa karatasi yake haikuwa na cha kuishika. Edgar alitaka pindo laini, lisilobishana na karatasi inapokwenda mbele na kurudi nyuma. Kitambaa kikabandikwa, spika ikatiwa kwenye sanduku dogo la mbao, sanduku likazibwa kila upenyo. Besi iliyotoka humo ilikuwa besi ya kabati.

Nasema kabati kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa miaka hiyo aliyetaka kusikia ngoma kubwa ya okestra sebuleni kwake alihitaji nafasi, fedha, na watu wa nyumbani wenye subira. Mfalme wa wakati huo alikuwa Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, ambaye tangu mwaka 1946 alikuwa akiuza Klipschorn, spika ndefu kumpita mtoto wa shule, iliyopaswa kusukumwa hadi konani ili kuta mbili za chumba ziwe sehemu ya chombo chenyewe. Kanuni yake tunaijua sote: ni ile ya pembe zilizofungwa juu ya minara ya misikiti, koo jembamba linalopanuka taratibu hadi mdomo mpana, sauti ikaenda mtaa wa tatu kwa umeme kidogo sana. Amplifaya za valvu za siku zile zilitoa wati 10, pengine 20. Asiyekuwa na pembe alikuwa na sanduku kubwa lenye tundu, na asiyekuwa na hivyo viwili hakuwa na besi.

Villchur, aliyekuwa akifundisha somo la jioni la urudishaji wa sauti katika Chuo Kikuu cha New York, aliona kosa mahali ambapo wengine hawakutazama. Karatasi ya spika hurudishwa katikati na pindo lake na kitambaa kilichoshikilia koili, na vitu hivyo ni springi mbaya: ukivivuta kidogo vinatii, ukivivuta sana vinagoma. Kugoma huko ndiko kunakoifanya besi ikorome. Lakini chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Hewa iliyomo inakusukuma kwa adabu, kadiri ulivyosukuma ndivyo inavyojibu. Villchur aliamua kuiachia hewa kazi ya springi. Pindo lilegee kabisa, sanduku lizibwe kabisa, na udogo wa sanduku, uliokuwa balaa kwa wengine wote, ukawa ndio unaoipa hewa ugumu unaotakiwa. Sanduku dogo halikuwa tena upungufu wa kuvumiliwa. Lilikuwa sehemu ya mashine.

Alipeleka wazo hilo kwa kampuni kubwa, Altec Lansing ikiwemo. Zikalikataa. Aliyelipokea ni mwanafunzi wake wa somo la jioni, kijana aliyekuwa jeshini, jina lake Henry Kloss, ambaye kabla ya hapo alisoma kidogo chuo cha MIT, akaacha, na alikuwa na karakana darini huko Cambridge, Massachusetts, alikotengeneza masanduku ya spika. Mwaka 1954 wakaanzisha Acoustic Research, AR kwa kifupi, na spika yao ya kwanza, AR-1, ikauzwa dola 185. Urefu wake ulikuwa inchi 25, ungeweza kuilaza kwenye rafu ya vitabu iliyo imara. Na kwa sauti za juu, kwa kuwa hawakuwa na spika yao wenyewe, walinunua kipande cha inchi 8 kutoka Altec, wale wale waliowafungia mlango. Sijui kama kuna aliyecheka siku hati ya ununuzi ilipopita mezani.

Halafu bahati ikawafuata. Mwaka 1958 santuri za stereo ziliingia madukani, na stereo inataka masanduku mawili. Nyumba zenye kona moja ya kuiweka Klipschorn ni nyingi, zenye kona mbili zilizo tupu, upande mmoja, bila mlango wala dirisha kuingilia, ni chache mno. Rafu zilikuwepo kila nyumba. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 AR ilikuwa inauza karibu theluthi moja ya spika zote za nyumbani nchini Marekani, na ile AR-3 ya mwaka 1958, ya kwanza kutumia vijikuba vidogo vigumu badala ya karatasi kwa sauti za kati na za juu, baadaye ikapewa nafasi katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Lakini mauzo hayajibu swali lililokuwa likiwasumbua wenye masikio: ipi inasema kweli? Spika mbili zikitofautiana, moja inadanganya, na huenda zote mbili. Villchur hakutaka kulinganisha spika yake na ya jirani. Alitaka kuilinganisha na mtu.

Jambo hilo halikuwa geni. Kuanzia mwaka 1915, kampuni ya Thomas Edison ilizunguka miji ya Marekani ikiwasimamisha waimbaji jukwaani kando ya gramafoni. Taa zinazimwa, sauti inaendelea, taa zinawashwa, na mwimbaji hayupo: kumbe tangu dakika ile ni mashine iliyokuwa ikiimba. Watu walipigwa na butwaa, magazeti yakaandika. Mmoja wa waimbaji hao alikuja kueleza uzeeni kwamba alikuwa akiibana sauti yake ifanane na ya mashine. Hapo ndipo pa kujifunza kitu kuhusu kulinganisha: mmoja wa washindani akijua anashindanishwa na nani, mchezo umekwisha.

AR walifanya kwa uangalifu zaidi. Waliwaleta Fine Arts Quartet, kundi la wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na selo, wakawarekodi mahali pasipo mwangwi ili ukumbi wa maonyesho uongeze mwangwi wake mara moja tu, kwa wanamuziki na kwa mashine sawasawa. Jukwaani wapigaji wanaanza, kisha kwa ishara wanainua pinde zao kidogo juu ya nyuzi na kuendelea kuzisogeza hewani, huku spika zikichukua pale walipoachia. Kisha wanarudi. Kisha wanaacha tena. Ukumbini watu waliozoea muziki wa nyuzi, wakiwemo waandishi wa magazeti ya fani hiyo, walishindwa kutaja kwa uhakika mabadiliko yalitokea wapi. Onyesho hilo lilirudiwa mara nyingi katika miji mbalimbali. Na pale kituo kikuu cha treni cha Grand Central, New York, AR walifungua chumba ambacho abiria angeweza kuingia, kukaa, kusikiliza, na kutoka. Hakikuuzwa kitu humo. Ungetaka kununua, nenda kwingine. Ni biashara ya ajabu, na kwa maoni yangu ndiyo tangazo bora kuliko yote waliyowahi kutoa, likiwemo lile la mpiga tarumbeta Miles Davis.

Ndani ya kampuni, hata hivyo, mambo hayakuwa laini kama lile pindo la godoro. Mwaka 1957 Kloss aliondoka pamoja na Malcolm Low na Anton Hofmann, mtoto wa mpiga piano maarufu Josef Hofmann. Wakaunganisha herufi za majina yao, KLH, wakaanza kutengeneza spika kwa kanuni ile ile, kwa kibali. Baadaye kibali hakikuhitajika tena: kampuni ya Electro-Voice iliipinga hataza ya Villchur mahakamani ikashinda, kwa kuwa Harry Olson wa kampuni ya RCA alikuwa ameshasajili wazo la karibu na hilo. Villchur hakukata rufaa. Mwaka 1967 aliiuza AR akageukia vifaa vya watu wenye usikivu hafifu, na ugunduzi wake mkubwa huko aliuchapisha bila kuufunga kwa hataza yoyote.

Mwaka huo huo Kloss, ambaye hakuwahi kudumu mahali, aliondoka KLH naye. Lengo lake lilikuwa televisheni ya kurusha picha kubwa ukutani, na kwa kuwa televisheni hiyo ilihitaji fedha, akatengeneza spika ya kuifadhili. Ndiyo Advent. AR-3a, iliyotoka mwaka 1967 na kuuzwa dola 250, ilikuwa na spika tatu ndani ya sanduku moja. Kloss aliweka mbili tu, akahakikisha besi inashuka karibu chini kama ya AR-3a, na akaiuza kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Twita yake, yaani spika ya sauti za juu, yenye kijikuba katikati na pete iliyobinuka kuizunguka, wapenzi wake wanaiita yai la kukaanga hadi leo. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliinunua kwa wingi, na waliopata vibarua vizuri wakanunua jozi mbili, wakaziweka moja juu ya nyingine.

Spika hizi zote, AR, KLH na Advent, zilitoka katika kijiji kimoja, kwa maana kwamba Cambridge ni pahala padogo na watu walewale walikuwa wakihama karakana. Zilifanana tabia: besi ya chini na safi, sauti za juu zilizotulia, kama mtu anayeongea akiwa ameketi. Wengine walisema zimepoa mno. Na upande wa pili wa nchi, kilomita zaidi ya 4,000 magharibi, kulikuwa na watu ambao walifikiri spika inapaswa kusimama.

James Lansing alizaliwa mwaka 1902 jimboni Illinois akiitwa James Martini. Alibadili jina, akahamia magharibi, na katika miaka ya 1930 spika zake zilikuwa nyuma ya pazia la sinema za Hollywood. Altec ilinunua kampuni yake mwaka 1941, yeye akafanya kazi humo miaka mitano, akatoka na kuanzisha nyingine, ile tunayoijua kwa herufi za jina lake, JBL. Alikuwa fundi wa mikono ya dhahabu, lakini hesabu za biashara zilimshinda. Septemba 1949, akiwa amezama kwenye madeni, alijiua. Kampuni ilinusurika kwa sehemu kutokana na bima ya maisha ya dola 10,000, na kwa uongozi wa William Thomas aliyeichukua. Nakiri kwamba kila nionapo herufi hizo tatu kwenye spika ndogo za bluetooth zinazopiga singeli ufukweni, huwa namkumbuka yule mtu.

Mwaka 1968 JBL ilitoa 4310, spika ya kukaa juu ya meza ya kurekodia studioni. Ilipendwa, na mwaka 1970 ikapewa vazi la sebuleni: L100. Mbao za walinati, na mbele sponji nene iliyokatwa vipande vya mraba kama bamba la chokoleti, ya rangi ya machungwa, ya buluu au nyeusi. Ndani wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 yenye karatasi nyeupe, spika ya kati ya inchi 5, na twita. Fundi wa AR akifungua hiyo angetikisa kichwa. Hakuna pindo lililolegea, hakuna sanduku lililozibwa, kuna tundu mbele. Na wufa haikuchujwa kwa chochote, waya umeingia moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya, ikaachwa iimbe hadi ichoke yenyewe. Kapasita kadhaa za kuzuia besi isiingie kwenye zile ndogo, vifundo viwili vya kuongeza na kupunguza, basi.

Matokeo yake yalikuwa sauti inayokujia usoni. Ngoma inagonga kifuani, gitaa lina makali, mwimbaji yuko hatua mbili mbele ya ukuta. Kwa roki ya miaka ile ilikuwa ndoa. Lile tangazo maarufu la kaseti za Maxell, la kijana aliyezama kitini huku nywele, tai na taa ya mezani vikipeperushwa na muziki, spika inayompepea ni L100. Na JBL walikuwa na hoja ambayo mtu wa AR hakuweza kuijibu kirahisi: santuri yako ilichanganywa na watu waliokuwa wakisikiliza 4310, kwa hiyo ukitaka kusikia walichosikia wao, sikiliza kwa dada yake. Hoja nzuri, yenye tundu kama sanduku lenyewe. Kama chombo cha studio kinapiga kelele mahali fulani, fundi mitambo atapunguza mahali hapo kwenye santuri, na kila mwenye chombo tofauti nyumbani atasikia pengo.

Sasa njoo dukani, kwa sababu hapa ndipo ugomvi ulikuwa unaamuliwa kweli kweli. Ukuta mzima wa spika, kijisanduku cha swichi mkononi mwa muuzaji, na mteja amesimama na santuri yake kwapani. Muuzaji anabonyeza, AR-3a inapiga. Anabonyeza tena, L100. Mteja anafungua macho. Anataka ile ya pili. Ameisikia tofauti kwa masikio yake mwenyewe, nani atambishia?

Tatizo ni kwamba kifundo cha sauti hakijaguswa. Springi ya hewa ina gharama yake: ili besi ishuke ndani ya sanduku dogo, unailipa kwa wati. Kwa umeme uleule L100 inatoa sauti kubwa zaidi kwa desibeli kadhaa, na kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Sikio la binadamu nalo lina udhaifu unaojulikana: sauti ikizidi kidogo tu, halisemi imezidi, linasema imekuwa nzuri. Imekuwa wazi, ina uhai, ina besi. Muuzaji mwaminifu angesawazisha kwanza. Wauzaji waaminifu walikuwepo, naamini, lakini muuzaji aliyelipwa zaidi kwa kuuza aina fulani hakuwa na haja ya kusema uongo hata mmoja. Ilitosha kuacha kifundo kilipo.

Uingereza walikwenda njia nyingine, na nitaipita haraka ingawa wapenzi wake hawatanisamehe. Mwaka 1957, mwaka uleule ambao BBC ilianzisha Idhaa ya Kiswahili, Peter Walker wa Huntingdon alianza kuuza Quad, spika isiyo na karatasi wala sanduku, utando mwembamba tu uliotandazwa kati ya bamba mbili zenye umeme, mfano wa radieta ya gari iliyosimamishwa wima. Haina besi ya kutisha na haiwezi kupiga kwa nguvu, lakini kwa sauti ya mtu sijui kama kuna iliyoipita. BBC wenyewe walikuwa na faida ambayo AR waliikodishia ukumbi: studio iko upande huu wa ukuta, chumba cha mitambo upande ule. Mhandisi anamsikiliza msomaji ana kwa ana, anafungua mlango, anamsikiliza kwenye spika, siku nzima akitaka. Katika hali hiyo ndipo ilipozaliwa LS3/5A, kisanduku cha lita 5 hivi kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo mtu amekaa pua yake karibu iguse spika. Kampuni kadhaa zilipewa leseni ya kuitengeneza, na leo jozi kuukuu inauzwa bei ya kushangaza kwa kitu chenye ukubwa wa boksi la viatu.

Mtu wa kawaida asiye na okestra wala studio ya jirani alibaki na magazeti. Na hapo palitokea kesi ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Amar Bose, mwalimu wa MIT, alitoa mwaka 1968 spika aliyoiita 901: spika ndogo tisa ndani ya sanduku moja, moja ikimtazama msikilizaji na nane zikitazama ukuta wa nyuma, kwa hoja kwamba ukumbini sauti nyingi hutufikia baada ya kugonga kuta. Mei 1970 jarida la Consumer Reports likaipima na kuandika kwamba vyombo vilionekana kutangatanga chumbani, fidla ikawa na upana wa futi 10, piano ikatanda ukuta hadi ukuta. Bose akashtaki. Shauri zima likaja kuning'inia kwenye maneno machache: je, sauti zilitangatanga huku na huko chumbani, kama jarida lilivyoandika, au zilisogea kwenye ukuta katikati ya spika mbili, kama mpimaji mwenyewe alivyoeleza kizimbani? Jaji wa kwanza alimpa Bose haki. Mahakama ya rufaa ikageuza. Mwaka 1984, miaka 14 tangu jarida litoke, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba jarida lilikosea maneno lakini halikuwa na nia mbaya iliyothibitishwa. Majaji tisa wa nchi kubwa walikaa kujadili fidla ilisimama wapi sebuleni. Mwanamuziki yeyote wa taarabu angewaeleza kwamba inategemea umekaa wapi.

Aliyeleta nidhamu katika kulinganisha spika ni Floyd Toole wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, huko Ottawa. Alisawazisha sauti, akaziweka spika nyuma ya pazia linalopitisha sauti, akawakalisha wasikilizaji mmoja baada ya mwingine, akawapa karatasi za kutoa alama. Watu wakiwa hawaoni, mapendeleo yao yalikaribiana kuliko alivyotegemea mtu. Mpenzi wa roki na mpenzi wa piano walichagua spika zilezile: zile ambazo sauti yake imenyooka, si mbele tu bali hata pembeni. Baadaye alihamia Harman, wamiliki wa JBL, na mwaka 1994 yeye na Sean Olive walichapisha jaribio la watu 40, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, na spika nne. Mara moja pazia limefungwa, mara nyingine limefunguliwa. Pazia lilipofunguliwa, spika kubwa za gharama zikapanda alama na kijispika kimoja cha bei nafuu kikaporomoka. Muziki ule ule, chumba kile kile, masikio yale yale.

Nimekuwa na hamu ya kulinganisha mwenyewe AR na JBL, nimalize ugomvi. Kilichonikatisha tamaa ni umri wao. AR-3a nyingi zina pindo la sponji, na sponji ya miaka ile huoza yenyewe hata bila kupigwa, sembuse vile vifundo vyake vya nyuma vinavyoshika kutu hadi twita inanyamaza. Wufa ya L100 ina pindo la kitambaa kilichopakwa dawa, inadumu. Kilichosagika ni lile pambo la chokoleti. Anayelinganisha jozi hizo leo analinganisha mafundi wawili waliozitengeneza wiki iliyopita.

Nililiona hilo Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, kwa fundi ambaye mzee mmoja alimpelekea jozi ya Advent aliyorudi nayo kutoka masomoni Boston. Joto na chumvi ya bahari vilikuwa vimemaliza kazi. Fundi aligusa pindo kwa kidole na likaanguka kama majivu ya udi.

“Sponji hii ilishakufa siku nyingi, mzee wangu,” alisema. “Ulikuwa unasikiliza kaburi.”

“Mbona ilikuwa inapiga?”

“Inapiga. Hata debe linapiga.”

Alikwangua gundi ya zamani kwa wembe na spiriti, taratibu, akizungusha karatasi mapajani. Akachana kifuniko cha katikati, akachomeka vipande vyembamba vya filamu ya eksirei kati ya koili na sumaku ili koili ikae katikati bila kugusa popote. Ukitazama kwa karibu uliona kwenye kipande kimoja kivuli cha mbavu za mtu. Akapaka gundi, akabandika pindo jipya, akalibana ukingoni kwa vibanio vya nguo, akaacha hadi kesho yake. Upande wa kushoto alipata pindo la saizi yake. Upande wa kulia hakupata, akapunguza la spika nyingine.

Kesho yake zilipiga, na masanduku mawili yaliyotoka kiwandani mapacha yalikuwa na besi mbili. La kulia lilikuwa kavu. Mzee akasema ndilo lenye sauti safi zaidi. Fundi hakumjibu. Alizima amplifaya, akaweka vidole viwili pande zote za karatasi ya kulia, akaisukuma ndani polepole, akaishikilia, akaachia. Ikaruka nje papo hapo.

“Inavuja,” akasema.

Alifungua skrubu zote, akazungushia silikoni chini ya ukingo wa chuma, akafunga tena, na kwa hasira kidogo akapaka na kwenye matundu ya nyaya nyuma. Tukanywa kahawa mbili kila mmoja tukisubiri ikauke. Kisha akarudia: vidole viwili, akasukuma, akashikilia, akaachia. Safari hii karatasi ilibaki ndani kwa muda, halafu ikaanza kurudi yenyewe, pole pole, kama mtu anayeamka usingizi wa mchana, ikicheleweshwa na hewa iliyofungiwa humo.